Njaa Yangu Iliporudi

Siku moja haijanitoka kichwani mpaka leo, mwanangu. Ni siku televisheni ya kwanza ilipoingia mtaani kwetu Mabatini, hapa Mwanza. Jirani aliyeinunua, mzee mwenye duka la vipuri vya baiskeli, aliiweka dirishani ikitazama nje, asije akaambiwa ni mchoyo. Tulijaa uani kwake kama tumealikwa harusini. Watoto chini, akina mama juu ya ndoo zilizopinduliwa, wazee kwenye viti. Ilikuwa miaka ya tisini, zama za ruksa, biashara ilipoachiwa huru. Vitu ambavyo wazazi wetu walivipangia foleni, sabuni, dawa ya meno, vitenge, sasa vilining'inia mpaka barabarani. Tulikuwa na furaha, sikufichi. Anayekuambia vijana wa zamani walikaa wamenuna hakuwahi kuishi Mabatini.

Mimi naitwa Doto, na ukisikia Doto ujue Kulwa yupo. Kulwa ndiye aliyenitangulia kuzaliwa, na tulifanana kama punje mbili za mtama. Baba yetu, fundi wa boti, alichoka kutuchanganya akaamua kutuita wote "nyie". Bibi yetu, mama yake baba, aliishi kijijini karibu na Bujora, na kila akija mjini alianza kwa kutushika mashavu na kuuliza, "Haya, wewe ndiye nani?" Tulikuwa wasichana wa kujaa, wenye mikono ya kubeba ndoo bila kupumzika njiani. Kwetu Usukumani hilo halikuwa tusi. Mtu akikuambia umenawiri, unamjibu asante.

Sasa, kwenye ile televisheni walipita wasichana wa nchi za mbali, wembamba kama mabua, wakitembea huku watu wanawapiga picha. Kalenda za madukani zikaleta hao hao. Saluni zikabandika hao hao ukutani. Mwanzoni tuliwacheka. Kulwa alikuwa akisema, "Yule upepo wa ziwani ukimkuta, watamwokota Ukerewe." Lakini jicho ni kama tumbo, mwanangu. Ukililisha kitu kimoja kila siku, mwisho linakiona ndicho chakula.

Mwaka huo tulikuwa tumemaliza kidato cha nne, tunasubiri matokeo. Mama mmoja mwenye saluni mjini akaandaa maonyesho ya mavazi, na akatutaka sisi wawili kwa sababu ya upacha wetu. Tulikwenda mazoezini tumevaa sare, tumesuka sare, tunacheka sare. Aliyefundisha kutembea alikuwa kijana kutoka Dar es Salaam, mtu wa miwani ya jua hata ndani ya nyumba. Alitutazama, akatuzunguka, akasema mbele ya wote:

"Mapacha wazuri. Shida ni moja tu. Jukwaani mtaonekana wanne."

Ukumbi mzima ukacheka. Kulwa naye akacheka, kisha akamjibu, "Basi shukuru, ukumbi wako utajaa mapema." Akachukua mkoba wake, akaondoka, wala hakurudi tena. Huyo ndiye Kulwa. Neno kwake ni kama mvua juu ya bati, linapiga kelele halafu linateremka. Kwangu mimi neno ni mvua juu ya shamba. Linaingia.

Nilibaki. Na kuanzia siku ile nikaanza kusukuma sahani. Mama akipakua, nasema nimeshakula kwa jirani. Kwa jirani, nasema nimeshakula nyumbani. Nguo zikaanza kulegea, na hapo ndipo watu walipoharibu zaidi, ingawa kwa nia njema. "Doto umependeza!" "Doto, umekuwa kama wa kwenye televisheni!" Mama mwenyewe, aliyekuwa na meza ya vitenge sokoni, alinisimamisha mbele ya wateja wake ili waone kitambaa kinavyokaa. Wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nami kila sifa ilipokuja nilizidisha maji. Kwa mara ya kwanza maishani watu waliweza kututofautisha. Walisema, "Kulwa ndiye yule mnene, Doto ndiye mrembo," na Kulwa akiwa amesimama pale pale anasikia.

Siku ya maonyesho ilifika. Nilipita jukwaani na gauni la buluu, nikapigiwa makofi. Nilirudi nyumbani nikitegemea furaha, nikasimama mbele ya kioo cha kabati la mama, nacho kikanionyesha watu wanne. Sikiliza hapo, mwanangu, maana hapo ndipo penye ugonjwa. Maonyesho yalikwisha, kijana wa miwani akarudi kwao, wala hakuna aliyenidai wembamba tena. Mimi nikashindwa kuacha. Nilidhani nimeishika njaa mkononi, kumbe yenyewe ndiyo iliyonishika. Nilihisi baridi mchana wa jua kali. Nywele zilibaki kwenye kitana. Damu ya mwezi ilikata. Nilikuwa naota ugali, naamka nikitetemeka kana kwamba nimeiba.

Ndipo bibi akaja. Alishuka na kikapu chake cha karanga na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na kibuyu cha mtindi amekikumbatia kama mtoto. Tulitoka mbio kumpokea.

"Shikamoo bibi!"

"Marahaba, wajukuu zangu, marah…" Hakutushika mashavu, hakuuliza nani ni nani. Alimtazama Kulwa, akanitazama mimi. "Doto," akasema. Akaweka kikapu chini. "Leo nimewatambua bila kuuliza. Moyo wangu umeshtuka."

Nilijua nitagombezwa. Nilijiandaa. Lakini bibi hakunigombeza mimi hata neno moja. Aliingia ndani, akakaa, akaomba baba na mama waitwe, na walipokaa akawageukia wao.

"Baba Kulwa, ulipokuwa mdogo, ng'ombe akianza kukonda zizini, tulikuwa tunafanya nini?"

"Tulitafuta dawa, mama," baba akajibu.

"Tulimpigia makofi?"

"Hapana, mama."

"Nimepita sokoni kwanza, kumsalimia mkwe wangu. Nimekuta wanawake wanamsifu kwa binti anayeyeyuka. Ng'ombe akikonda mnatafuta dawa. Mtoto akikonda mnatafuta kioo?"

Mama alijaribu kujitetea. Alisema ni mitindo ya siku hizi, wasichana wote wako hivyo, na kwamba yeye alidhani ninafurahi. Bibi akamsikiliza mpaka mwisho, maana alikuwa mtu wa heshima. Kisha akaniita nikae karibu naye, akauliza kwa sauti ndogo, "Doto, unafurahi?"

Mwanangu, lile swali hakuna aliyewahi kuniuliza. Nililia mpaka kanga ya bibi ikalowa bega zima. Nikamwambia naogopa. "Naogopa chakula, bibi. Najua ni upuuzi, lakini naogopa."

"Si upuuzi," akasema. "Ni ugonjwa. Na mficha maradhi, kilio humuumbua. Kesho tunakwenda hospitali."

Tulikwenda wote, baba akiwa amevaa koti lake la kanisani kana kwamba anakwenda kumwombea mtu kazi. Muuguzi aliyetupokea alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye kupenda utani. Alinipima, akatuita wote ndani, akawaambia wazazi wangu kwamba hii si jeuri wala deko, na kwamba kunilazimisha na kunifokea kutanifanya nifiche zaidi. Nile kidogo kidogo, nile na watu, na kila baada ya muda nirudi anione na tuzungumze. "Tena tuzungumze kweli," akaniambia, "maana ugonjwa wako umekaa kichwani kuliko tumboni." Nilirudi kwake mara nyingi, na mengi yaliyonitoka mle chumbani sikuwahi kuyasema kwingine.

Bibi akaomba atuchukue sote wawili tukakae kwake, na siku za hospitali tutakuja mjini. Mama alituandalia vitu mwenyewe. Alipofunga begi akanishika mikono, akasema, "Nisamehe, mwanangu. Nilikuwa naiona nguo, sikukuona wewe." Nikamwambia yameisha. Na kweli kwangu yaliisha.

Usidhani nilipona kwa kuonja hewa ya kijijini. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba changu kilikuwa na tundu. Kuna siku nilikula vizuri, kuna siku nilificha tonge chini ya mkeka na kuku wa bibi wakanichongea. Kulwa alikuwa akila nami sahani moja. Nikila kidogo, naye anakula kidogo. Siku moja nikaona anasimama anayumba, nikamkasirikia.

"Kulwa, wewe mzima, kula! Unataka kuugua kwa ajili yangu?"

"Sisi tulianza kula pamoja kabla hatujazaliwa," akasema. "Sijui kula mwenyewe. Nimejaribu kule Mabatini, chakula hakina ladha."

Halafu akaongeza, huku anachota mboga, "Na ukweli nina njaa sana, Doto, kwa hiyo nihurumie."

Nikacheka. Ulikuwa muda mrefu sijacheka hadi mbavu ziume. Tukacheka wote, na katikati ya kicheko nikala tonge, na jingine, bila kulihesabu wala kulichunguza. Bibi alijifanya hakuona. Alikuwa anachambua karanga, lakini zilianza kumponyoka.

Ilikuwa majira ya baada ya mavuno, na vijana wa kijijini walikuwa wakifanya mazoezi ya ngoma kila jioni. Kulwa aliingia siku ya kwanza tu. Mimi nilikaa pembeni nikipiga makofi, kwa sababu miguu haikunibeba. Baadaye nikaweza kucheza kidogo na kukaa. Baadaye nikacheza mpaka vumbi likanifikia magotini. Mwili, mwanangu, una msamaha mkubwa kuliko wa binadamu. Ukianza kuutendea wema, haukuulizi ya nyuma.

Sasa nikusimulie siku nyingine isiyonitoka kichwani. Tulikwenda mnadani Kisesa, sisi wawili na bibi, kuuza karanga. Jua lilikuwa limepanda, na pale karibu na sisi mama mmoja alikuwa anakaanga sato waliotoka ziwani alfajiri ile. Mafuta yanalia, harufu inatembea. Bibi akatununulia samaki mmoja mmoja na ugali. Nikala wangu wote. Nikalamba vidole. Kisha nikahisi kitu tumboni ambacho nilikuwa nimekisahau, kitu kinachovuta, kinachodai, bila woga wowote ndani yake. Nikashika tumbo nikikisikiliza.

"Una nini?" bibi akauliza, uso umembadilika.

"Bibi," nikasema, "bado nina njaa. Naomba samaki mwingine."

Mwanangu, yule mzee alisimama katikati ya mnada, akatupa fimbo yake ya kutembelea, akapiga vigelegele. Vile vya harusi, virefu, vya kuvunja kifua. Watu wakageuka. Wauza mbuzi wakaacha kubishana. Mama mmoja akauliza, "Bibi, nani anaolewa?"

"Hakuna anayeolewa!" bibi akajibu. "Mjukuu wangu ana njaa!"

Walimtazama kama amepagawa. Kulwa akaeleza kwa kifupi, "Alikuwa mgonjwa, hali chakula. Leo ameomba chakula mwenyewe." Basi yule mama wa samaki akaweka mikono kiunoni, akanitazama, naye akapiga kigelegele chake. Akafuata muuza nyanya, wakafuata wengine, hata wasiojua kisa, maana kigelegele kwetu hakihitaji barua ya mwaliko. Mama wa samaki akanichagulia sato mkubwa kuliko wote, akaniletea mwenyewe, na bibi akampokea kwa mikono miwili, "Wabeja! Wabeja sana!" akimshukuru kwa Kisukuma huku machozi yanamtoka. Nami nikamla yule samaki mbele ya mnada mzima, mpaka kichwa, mpaka macho, na sijawahi kula kitu kitamu hivyo hadi leo.

Mwanangu, zamani ile tulikuwa na televisheni moja mtaa mzima, na ilitosha kuniumiza. Wewe unayo mkononi, unalala nayo. Nimekutazama juzi unavyoisukuma sahani, nikaona nisinyamaze. Picha unazoziona zimechaguliwa, zimepakwa, zimenyooshwa, na hata mwenye picha hafanani nayo akiamka asubuhi. Usiupeleke mwili wako kushindana na kitu kisichopumua. Na ikiwa chakula kimeanza kukutisha, au kioo kimeanza kukusema vibaya, usikae na jambo hilo peke yako ukisubiri lipite. Niambie mimi, mwambie baba yako, mwambie mwalimu unayemwamini, twende hospitali mapema. Si aibu. Wavulana pia hulipata jambo hili, na wao huficha zaidi.

Na ukiwa na rafiki, chunga ulimi wako. Usimsifu mtu kwa kupungua usijue kinachompunguza. Usimcheke kwa kujaa usijue neno lako litaingia wapi. Muulize lile swali la bibi, kisha unyamaze umsikilize. Halafu kaa naye mle pamoja.

Kulwa yupo Buswelu, ana wajukuu, na Jumapili tunakula pamoja.

Nakuombea, mwanangu, usikose chakula, na usikose hamu ya kukila. Mungu akupe watu wa kuketi nao mkekani, akupe kicheko kinachouma mbavu, aulinde mwili wako aliouumba mwenyewe bila kumwomba mtu ushauri. Uishi mpaka uwe mzee kama mimi, mwenye meno ya kutosha kutafuna karanga.

Haya. Nawa mikono, uje.