Wafu wa Nyuma ya Duka la Misumari

Mchezo wenyewe ulifika Nakuru ndani ya sanduku la nguo. Rafiki yangu, tuliyesoma naye sekondari, alikuwa ameenda kuwatembelea shangazi zake Uingereza. Aliporudi, mwishoni mwa miaka ya sabini, alinivuta hadi stoo ya duka la baba yake kabla hata sijamaliza kumsalimu. Baba yake alikuwa Kalasinga mwenye ndevu nyeupe, muuza mabati, misumari na nyaya za ua. Juu ya meza ya kukatia nyaya, rafiki yangu alimwaga vijitabu vyembamba na dadu za ajabu. Moja ilikuwa na ncha kali kama paa la kibanda. Nyingine ilikuwa na nyuso ishirini, ikabingirika kama ndimu.

"Huu si kama karata," akaniambia. "Mimi nasimulia, wewe unasema unafanya nini. Ukijaribu jambo gumu, dadu inaamua."

Sikuelewa kitu. Lakini muda si muda nilikuwa ndani ya pango, mwenge wangu unazimika, na moyo unanidunda kana kwamba ninakimbizwa kweli.

Siku hizo nilikuwa mpiga taipu katika ofisi moja mjini. Wiki nzima vidole vyangu vilifuata maneno ya watu wengine. Jumapili baada ya kanisa nilikuwa mwanamke anayewasha moto kwa kunong'ona. Kitabu kiliniita mchawi, lakini kwetu neno hilo halichezewi, basi tukakubaliana niwe mganga. Kaka yangu, fundi wa injini za reli, alikuja siku moja kutucheka. Akapewa upanga, na hakuondoka tena.

Siku rafiki yangu alipotuletea wafu, alihangaika kutueleza. "Kijitabu kinasema hawako hai, na pia hawajafa."

"Sasa wako wapi?" kaka akauliza.

"Wamekufa, lakini bado wanatumwa kazi."

"Aa! Hao nawajua. Ni sisi wa zamu ya usiku."

Tulicheka hadi mwenye duka akagonga ukuta. Lakini kicheko kilituishia upesi. Rafiki yangu alikuwa ameweka ngome ya Mfalme wa Mifupa ndani ya shimo kubwa kama lile la volkano la Menengai juu ya mji wetu, mvuke ukipenya kwenye mawe, na kila tulipokaribia lango, mifupa ilijiokota ardhini ikatukabili kwa majembe na mapanga yenye kutu. Kaka aliivunja, ikajiunga tena. Tulirudishwa nyuma Jumapili baada ya Jumapili. Kazini nilikuwa nikipiga taipu huku nikiwaza lango lile.

Hatimaye, ndani ya kaburi lililofukiwa kwa chumvi, tukapata baragumu la pembe ya tandala. Anayelipuliza huwaamuru wafu. Ila dadu ikimkataa, wafu humgeukia yeye.

Tulikuwa mbele ya lango, mimi nimeshika dadu ya nyuso ishirini, wakati mlango wa stoo uliposukumwa. Alikuwa Mama. Alikuwa akilima shamba huko Bahati, nje ya mji, tangu baba yetu alipostaafu reli, na hakuja mjini bila sababu. Leso yake ya kichwa ilikuwa imekaa upande.

"Nimeambiwa kanisani," akasema, "ati watoto wangu wanafufua wafu kwa duka ya Mhindi."

Kaka, mtu mzima mwenye masharubu, alificha upanga ambao haukuwapo.

Rafiki yangu ndiye aliyesimama. "Karibu, Mama. Hatufufui mtu. Ni hadithi tu, tunaitunga pamoja. Keti nikueleze."

Mama hakuketi. Alisikiliza akiwa amesimama, mkoba kifuani: mfalme, ngome, baragumu. Kisha akauliza swali ambalo sisi hatukuwahi kuuliza.

"Hao watu wa mifupa, walikuwa akina nani?"

Rafiki yangu alifikiri. "Walikuwa wakulima," akasema polepole. "Mfalme aliwatoa mashambani mwao kwa nguvu. Walipokufa hakuwaacha."

Hapo Mama akavuta kreti, akakaa.

"Basi nyinyi mnawapiga kwa nini? Na wewe," akanigeukia, "ukipuliza hiyo pembe uwaamuru, si utakuwa tu mfalme mwingine? Waambie waende nyumbani."

"Mama, sheria haisemi hivyo," kaka akalalamika.

Rafiki yangu alifungua kijitabu, akakipekua, akakifunga. Macho yake yaling'aa. "Haikatazi pia. Lakini ni vigumu sana. Nataka kumi na tano kwenda juu."

Nikamnyooshea Mama dadu. Aliitazama kama mtu anayetazama kaa la moto. "Mimi sichezi kamari," akasema, na papo hapo akainyakua, akaitupa kwa nguvu mno. Ikaruka mezani, ikagonga bati, ikapotelea nyuma ya magunia ya saruji.

Tulipiga magoti sote. Kaka alitaka itupwe upya. Mama akakataa katakata, ati neno likishatoka limetoka. Kelele zetu zikamleta mwenye duka. Aliinama, tochi mkononi, shavu lake karibu liguse sakafu.

"Msiguse!" akaamuru. Tukaganda. "Kumi... na saba."

Nilipiga yowe ambalo nina hakika lilifika mtaa wa Free Area. Kaka alimwinua Mama pamoja na mkoba wake. Rafiki yangu alipanda juu ya kiti, akasimulia jinsi baragumu lilivyolia, jinsi mifupa ilivyoangusha mapanga lakini ikabaki na majembe, ikampita mfalme wao bila kumtazama, mstari kwa mstari, ikipanda kutoka shimoni kwenda mashambani. Mfalme alibaki peke yake langoni, akiita, wala hapakuwa na wa kumwitikia. Kaka hakuhitaji hata kuutumia upanga.

Mama alifuta macho kwa ncha ya leso, akauliza kama wote walifika.

"Wote," rafiki yangu akasema.

Jumapili iliyofuata tulitoka kanisani mbio, tukamkuta Mama ameshafika stoo, chai imemiminwa, anabishana na Kalasinga kuhusu nani kati yao atapewa fimbo ya radi.