Nilimfukuza mtani kwenye kaburi la mama, game ya vijitu vya mlimani ndiyo iliyonishtaki

Wakuu, wakubwa shikamooni, wa rika langu mambo.

Hii siyo ya kusimuliwa. Imenitokea mimi, hapa hapa Songea, na mke wangu anasoma begani kwangu ninavyoandika, kwa hiyo hata nikitaka kuongeza chumvi sitaweza. Wenye haraka shukeni chini kabisa, ila mtakosa utamu.

Mimi ni fundi wa kompyuta na printa. Mngoni wa Namtumbo, ila maisha yangu yako mjini. Ukinijua utaniambia nina ubaya mmoja: napenda mambo yaende kwa utaratibu. Kitu kikianza saa nne, kianze saa nne.

Mama yangu alifariki mwaka jana baada ya mavuno. Mimi ndiye mkubwa, nikashika usukani wa msiba. Ratiba niliichapa kabisa, nikabandika mlangoni. (Mke wangu anacheka hapa. Ni kweli, niliibandika.)

Sasa tumefika makaburini, jeneza limewekwa chini, mchungaji anasubiri. Ghafla mzee mmoja anarukia ndani ya kaburi, analala chali, anafumba macho.

Huyo ni Mzee Kihwele. Ni Mhehe aliyehamia Namtumbo miaka mingi, ana mashine ya kukoboa mahindi. Wangoni na Wahehe ni watani, na huku kwetu mtani ana kazi yake msibani. Anaigiza marehemu, anawatukana wafiwa, anazuia kaburi mpaka apewe kitu. Kihwele alikuwa anadai jogoo. Akapiga kelele kutoka chini, "Huyu mama haingii humu, pameshapata mwenyewe!"

Watu wakaanza kucheka. Mimi nikawaka.

Wakuu, nilikuwa na uchungu, halafu tulikuwa tumechelewa dakika arobaini. Nikamwambia mbele ya watu wote, "Mzee, toka humo. Leo si siku ya mchezo. Kama huna heshima, nenda nyumbani."

Mzee wa watu akatoka, akajifuta udongo magotini, akaondoka zake bila kugeuka. Tukazika kwa utaratibu. Na nitasema ukweli, nilijiona mwanaume siku ile.

Baba nikamchukua nikaja naye Songea, asibaki peke yake.

Hapo ndipo shida ilipoanza. Mzee hakuwa mgonjwa. Hospitali walimpima kila kitu wakasema yuko sawa. Lakini alikuwa hasemi. Ukimsalimia anaitikia, ukimpa chakula anakula vijiko vitatu, basi. Anakaa kwenye kiti cha sebuleni anaangalia ukuta. Miezi ikaenda hivyo. Mvua za kwanza zikakaribia, na baba yangu, mtu ambaye maisha yake yote alikuwa anaamka na jembe, hakutaja shamba hata siku moja.

Mwenye wazazi wakulima atanielewa. Mkulima akiacha kuulizia mvua, ujue anaaga. Nilikuwa naogopa sana, na nilikuwa sijui nifanye nini.

Sasa tuje kwenye game.

Kuna game moja mteja aliniachia kwenye laptop. Unaongoza vijitu vifupi vyenye ndevu, vinahamia mlimani na kujenga koloni. Wanachimba mapango, wanalima uyoga, wanapika pombe, wanashambuliwa na majitu. Na wanakufa. Wanakufa sana, hasa ukiwa mgeni kama mimi.

Wa kwanza walipokufa niliagiza watupwe shimo la taka. Mimi nilikuwa nawaza kazi, maiti ya nini? Kumbe game haikubali ujinga huo. Wakarudi mizimu. Wakapindua mapipa, wakatisha wapishi, nusu ya koloni ikagoma kufanya kazi.

Nikajirekebisha. Nikachimba ukumbi mrefu wa makaburi, kila mmoja jeneza lake la jiwe, jina limechongwa. Mizimu ikatulia. Lakini mood ya walio hai ikabaki chini, mtu anafanya kazi huku analia. Nikashindwa kuelewa, maana kila kitu nilikuwa nimekipanga vizuri.

Jumapili moja mchana nacheza sebuleni, baba yupo kwenye kiti chake. Nikahisi amesogea. Kuangalia, anatazama screen. Nilishtuka kwa furaha, nikamgeuzia laptop aone vizuri.

Kulikuwa na mazishi. Kijitu kimoja kinavuta jeneza peke yake kwenye ukumbi mtupu.

Baba akauliza, "Huyu anazikwa na mtu mmoja?"

"Ndiyo baba. Wengine wako kazini."

"Hawakutaka kuja?"

"Wanataka. Ila kuna sehemu unaweza kuzuia wasihudhurie, wasipoteze muda."

"Nani kawazuia?"

"Mimi."

Akarudisha macho kwenye screen. Kisha akasema, bila hasira yoyote, "Hata Kihwele ulimzuia wewe."

Wakuu, nikaifunga laptop.

Siku ile baba aliongea kuliko miezi yote. Akaniambia kitu nilichokuwa sikijui. Mke wa Kihwele alipofariki, miaka mimi niko shule bwenini, aliyeingia kaburini kufanya utani alikuwa mama yangu. Mama alivaa viatu vya marehemu, akamuiga anavyogombana na kuku, akamtukana Kihwele mpaka akacheka akiwa amekaa juu ya udongo wa kaburi la mkewe. Baba akasema, "Kihwele alitoka pale akiwa mtu. Na mimi nilikuwa namsubiri siku yangu. Ukamfukuza."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Ulikuwa na karatasi mlangoni."

Sikulala vizuri wiki ile. Jumamosi nikapanda basi kwenda Namtumbo na jogoo wangu mkononi.

Nikamkuta mashineni, pumba mpaka kwenye nyusi. Nikampa shikamoo. Hakuitikia, akaendelea kumimina mahindi. Nikasimama pale kama nusu saa na jogoo anapiga kelele, wateja wananiangalia. Nilistahili.

Alipozima mashine nikamwambia, "Mzee, nilikosea. Nimekuja kuomba msamaha, na kuomba umalizie kazi yako."

Akaniangalia. Akasema, "Siku ile nililia njia nzima. Mtani halii msibani, wewe mtoto. Wewe ulinifanya nilie."

Nikabaki nimeinamisha kichwa.

Halafu akamshika jogoo, akampima uzito kwa mkono, akasema huyu ni kifaranga, Wangoni ni wachoyo hata kwenye toba, faini ni majogoo wawili. Hapo nikajua nimesamehewa.

Jumapili iliyofuata, tumekaa sebuleni, mlango ukasukumwa bila hodi. Kihwele huyo. Amejifunga kitenge, kilemba kimekaa upande kama mama alivyokuwa akikivaa, beseni kiunoni. Akaingia kwa mwendo wa mama, ule wa kuburuza mguu wa kushoto kidogo. Mke wangu alishika mdomo.

Akasimama mbele ya baba, akamfokea kwa sauti ya mama kabisa. "We mzee! Nimeondoka kidogo tu, umekuja kunenepa kwa mkwe? Mbegu nilikuachia za kupanda au za kuangalia?"

Baba akamtazama muda mrefu sana. Mimi nawaza nimemuua mzee wangu.

Kisha baba akamgeukia mke wangu akapaza sauti, "Mkwe wangu! Fungieni mbwa ndani, Mhehe amefika na ana njaa!"

Wahehe huwa tunawatania kwamba wanakula mbwa, na sisi hatuna hata mbwa.

Wakacheka, wakuu. Baba alicheka mpaka akashikilia kiti, na kicheko kikageuka kilio, akalia kwa sauti kwa mara ya kwanza tangu tuzike. Kihwele akaketi chini karibu na miguu yake, na kilemba chake, akamwacha alie. Kisha akamtukana tena. Wakaenda hivyo mpaka jioni, na baba alimaliza sahani mbili za ugali.

Siku ya tatu baba akaniambia nimpeleke stendi arudi Namtumbo kulima, mvua haisubiri mtu.

Siwadanganyi kwamba huzuni imeisha. Kuna siku nampigia simu anajibu kwa neno moja. Lakini mahindi yako kiunoni, na Kihwele anapita kila jioni kumwambia amepanda vibaya.

Kwenye game nimewafungulia vijitu ruhusa. Mmoja akifa, koloni zima linaacha kazi na kwenda. Msimu uliopita tulikosa nusu ya uyoga kwa sababu hiyo, na tuko hai.

Nilichojifunza ni hiki. Nilidhani kumzika mama vizuri ni kuwahi na kunyoosha mambo. Kumbe mazishi yalikuwa ya baba pia, na mimi nilimnyang'anya.

Kama kuna mtu kwenu alifukuzwa msibani, mfuateni. Nendeni na jogoo mkubwa.

Haya, semeni na yenu. Na Wahehe mliomo humu, uwanja ni wenu, nitukaneni. Safari hii siondoi mtu.