Idi ya Kalenda

Ofisa wa wilaya alikuwa ameahidi kwamba baba yangu angeletwa nyumbani siku ya Idi, tangu asubuhi hadi karibu na adhuhuri, akiwa na askari mmoja wa kumlinda. Ahadi hiyo ilitolewa katikati ya Ramadhani, katika mwaka wa vita ambao mji wa Garissa ulikuwa umezungukwa na vizuizi na mtu haruhusiwi kuwa nje baada ya jua kutua. Baba alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe. Alikamatwa akirejea kutoka mnada wa Griftu bila kibali cha kusafiri, kibali ambacho siku alipoondoka hakikuwa kikihitajika bado. Walimweka ndani ya ua wa seng'enge, ng'ambo ya pili ya mji. Kutoka Waberi, tulikokaa, taa za ua ule zilionekana vizuri. Watu waliokuwa chini ya taa hizo hawakuonekana.

Mama alipoletewa habari hakushangilia. Aliuliza jambo moja tu: "Atakula hapa?"

Nilimjibu kwamba bila shaka atakula. Nilikuwa kijana, mwalimu msaidizi wa shule ya msingi, na neno "bila shaka" lilinijia kwa urahisi.

Siku iliyofuata alinunua nyama ya ngamia, akaikata vipande vyembamba, akaianika, kisha akaikatakata tena, akaikaanga na kuizamisha katika samli yenye iliki. Hiyo ndiyo nyirinyiri, na baba aliipenda kuliko chakula chochote kilicho duniani. Ilikuwa Jilaal, kiangazi chetu kirefu, maziwa yalikuwa haba na samli ilikuwa ghali. Lakini mama aliitengeneza kama mtu asiyejua kwamba kuna kiangazi wala vita. Harufu yake ilienea hadi kwa majirani, nao walijua kwa nini.

Sasa nieleze tatizo lilikotokea. Kalenda ya ukutani, iliyochapishwa Nairobi, ilikuwa imeiweka Idi siku ya Alhamisi kwa wino mwekundu. Mimi nilikuwa na jedwali la mwezi nililotoka nalo chuo cha ualimu, lenye kuonyesha ni saa ngapi mwezi wa zamani unakwisha na mpya unazaliwa, na huo mpya utakuwa wapi angani jua likizama. Nilipolinganisha viwili hivyo niliona kwamba mtengenezaji wa kalenda alichukua siku ya mwezi kuzaliwa, akaipa Idi siku inayofuata, basi. Mwezi ungezaliwa Jumatano karibu na adhuhuri. Jua la Jumatano likizama, mwezi huo ungekuwa na umri wa saa chache tu, mwembamba mno, ukishuka mara tu baada ya jua, kabla mbingu haijapata giza la kutosha. Ungekuwapo, ila hakuna jicho ambalo lingeuona. Na kwetu Idi haiingii mpaka hilali ionekane, au siku thelathini zitimie. Kwa hiyo Idi ya ofisi ingekuwa Alhamisi, na Idi ya mji ingekuwa Ijumaa. Baba angekuja nyumbani siku ambayo sote tumefunga.

Nilimwendea shekhe aliyenifundisha Kurani utotoni. Nilimkuta baada ya sala ya alasiri, ameegemea ukuta wa msikiti upande wa kivulini, akinoa kalamu ya mti. Nilimfungulia jedwali langu mapajani mwake. Alilitazama kwa adabu, kama anavyotazamwa mgeni ambaye bado hajataja ukoo wake.

"Aliyeliandika unamjua?"

"La, shekhe."

"Aliyemfundisha aliyeliandika?"

"Simjui."

"Ni mkweli? Analipa madeni yake? Anaswali, au hata kama haswali, hasemi uongo?"

"Sijui lolote kuhusu yeye."

"Basi, aabo," akasema, akitumia neno ambalo kwetu mtu mzima humwitia kijana kama mwanawe, "wewe ni muumini mkubwa kunishinda mimi. Mimi kila hadithi ninayoipokea nataka nijue imepita kwa nani."

Niliona haya, kisha nikaona ukaidi. Nikamwambia: "Na mtu akija kutoka Rhamu akisema ameuona mwezi, si unamwamini?"

"Nitamuuliza yeye ni mwana wa nani."

"Jedwali si mwana wa mtu. Lakini linafanya jambo ambalo shahidi wa Rhamu halifanyi. Linasema leo kitakachokuwa Jumatano, na mahali pake, na saa yake. Limejiweka wazi liaibishwe. Ukiuona mwezi Jumatano, nitalichana mbele yako."

Alicheka mpaka kalamu ikamponyoka. "Usilichane. Karatasi ni nzuri. Nionyeshe tu huo mwezi wenu utazamia upande gani, nami nitazame hapohapo." Akaninyooshea mkono, nami nikaushika na kuuelekeza juu ya miti ya ng'ambo ya Mto Tana, kusini kidogo ya magharibi. Alitia alama kwa jicho kwenye mti mmoja.

Nimeulizwa mara nyingi na wanafunzi wangu, katika miaka iliyofuata, iwapo sayansi nayo si aina ya dini, kwa kuwa wengi wetu tunaipokea kwa kuambiwa. Sijawahi kuwajibu vizuri. Ninachokumbuka ni kwamba alasiri ile mtu wa dini ndiye aliyetaka kuona, na kwamba mtu niliyemwendea baadaye, ambaye hakuwa na haja ya kuona chochote, alikuwa mtu wa ofisi.

Ofisa alikuwa mtu wa bara, Mkristo, aliyeletwa kwetu bila kuomba. Hakuwa mkali, alikuwa mchovu. Nilimwomba asogeze siku moja mbele.

"Mwalimu," alisema, "wewe si ndiye unafundisha watoto sayansi? Halafu unakuja kuniambia kalenda imekosea?"

"Haijakosea, bwana. Mwezi utazaliwa Jumatano kama ilivyosema. Kuonekana ni jambo jingine."

"Mtoto akizaliwa amezaliwa."

"Kwetu, bwana, mtoto akizaliwa anakaa ndani siku arubaini. Majirani wanasikia tu kwamba yupo."

Alitabasamu, nami kwa muda mfupi nilidhani nimeshinda. Kisha akageuka kuitazama kalenda ukutani, akaitazama kwa utulivu kabisa, kama mtu anayetazama kitu ambacho hakijawahi kumdanganya. "Hii imeandikwa na watu wanaojua hesabu," akasema. "Askari nimeshawapangia. Ni Alhamisi, ama basi."

Sikuthubutu kuchagua "basi".

Jumatano jioni kila nyumba ya Waberi ilitazama mwezi kutoka uani mwake, kwa kuwa hakuna aliyeweza kutoka kwenda uwanjani kama ilivyokuwa desturi. Watu walipanda juu ya mitungi na masanduku. Sauti zilipita juu ya nyua.

"Huko kwenu mnaona?"

"Tunaona mgongo wa nyumba yako!"

"Basi bomoa yangu tuone sote!"

Vumbi la Jilaal lilikuwa limetanda magharibi, jekundu, kisha la kijivu. Shekhe, aliyeruhusiwa kuswali magharibi msikitini pamoja na wazee wawili, alitazama juu ya mti wake mpaka askari walipomrudisha nyumbani. Ujumbe ukapita ua kwa ua: hakuna aliyeona. Redio ya jirani ilitangaza kwamba kesho ni sikukuu, ofisi zitafungwa. Habari ya mwezi haikuitaja.

Tulipokwisha kufuturu mama aliniita. Alikuwa ameketi kando ya chungu cha nyirinyiri, mkono juu ya kifuniko.

"Hooyo," aliniambia, yaani "mama", kwani mama wa kwetu humwita mwanawe kwa neno lilelile ambalo mwana humwitia yeye, "wewe umesoma. Mwezi upo au haupo?"

"Upo."

"Kama upo, kesho ni Idi. Tutakula naye."

Nilijua kwamba neno moja kutoka kwangu lingetosha. Alikuwa akiliomba. Jedwali lenyewe lingeniunga mkono katika nusu ya kwanza ya sentensi yake. "Upo, hooyo," nikasema, "lakini hata sehemu zilizo wazi kabisa hapana mtu aliyeweza kuuona. Jedwali linasema vyote viwili."

"Elimu gani hii," akasema bila hasira, "inayompa mtu kwa mkono mmoja na kumnyang'anya kwa mwingine." Kisha akatia nia ya kufunga, kwa sauti, ili nisikie.

Alhamisi walimleta. Alikuwa amepungua, na kanzu yake ilikuwa imefuliwa na kukaushwa ikiwa imekunjwa, mikunjo ikabaki. Nyuma yake alikuja askari mrefu mwenye bunduki, naye pia ni mtu wa bara, akitazama chini kama mgeni aliyeingia nyumba ya harusi asiyoalikwa. Mama alitandika mkeka, akaleta chungu, anjera, ile mikate yetu myembamba, na birika la chai. Akavipanga vyote, kisha akarudi nyuma hatua moja.

Baba alivitazama vyakula. "Mmefunga?" akauliza.

"Tumefunga," mama akajibu.

"Na sisi pia." Akaketi. "Ua wetu hauna nyumba upande wa magharibi. Afande mmoja alituazima darubini yake. Tuliipokezana, mtu baada ya mtu. Hatukuona kitu."

Hapo mama akacheka, kicheko kifupi ambacho sikuwa nimekisikia tangu baba akamatwe, akajifunika uso kwa ushungi, naye hakuwa akicheka tena.

Askari alikuwa amebaki mlangoni. "Mzee," alisema, "si leo ni sikukuu yenu? Mbona hakuna mtu anakula?"

"Leo ni sikukuu ya kalenda," baba akamjibu. "Yetu ni kesho."

"Sasa nyinyi mnaamini nini? Kalenda ama mwezi?"

"Kalenda inasema mwezi upo. Hatubishani nayo. Sisi hatujauona, na wewe hujauona. Kaa ule."

"Aa, mzee, mimi niko kazini."

"Umeingia nyumbani kwangu na chakula kimeshatandikwa. Unataka majirani waseme nilikunyima? Weka bunduki ukutani, kaa."

Askari alinitazama mimi, kana kwamba mwalimu ndiye mwenye kutoa ruhusa. Akanawa mikono, akaketi, akala. Mwanzo alikula kwa aibu, kisha kwa njaa ya kweli. Baba alimsogezea vipande vilivyoloa samli vizuri zaidi, akimweleza namna nyama ile inavyokaushwa, iliki inavyotiwa, na kwa nini inaweza kukaa miezi bila kuharibika. Alizungumza habari za chakula kile kwa muda mrefu, naye hakukigusa. Mama alimwuliza askari kwa Kiswahili chake cha sokoni kama anaweza kumbebea baba kopo dogo alile wakati wa kufuturu. Askari alitikisa kichwa: langoni wanapekuliwa wote, yeye pia, na kitu cha kula hakipiti.

Waliondoka kabla ya adhuhuri. Baba aliniwekea mkono begani na kusema, "Umesema kweli, aabo." Sikujua kama mama alikuwa amemweleza maneno yetu ya jana usiku wakati mimi nikichota maji, au alikuwa akikisia.

Jioni hiyo hilali ilionekana wazi, nene, juu ya mti aliouchagua shekhe, na Waberi yote ikapiga takbiri ndani ya nyua zake. Ijumaa tulikula. Wiki iliyofuata ua wa seng'enge ulihamishwa, watu wake wakapelekwa mahali ambapo kila ofisi iliniambia jina tofauti. Hatukumwona tena.

Kazi yangu ya uzeeni imekuwa hesabu za mwezi. Vifaa vya leo vinaweza kurudi nyuma hadi jioni yoyote iliyowahi kuwako na kusema hilali ilisimama wapi. Nimeirudia Jumatano ile mara nyingi kuliko jioni nyingine yoyote. Nimebadili kimo cha mtazamaji, nikaondoa vumbi lote hewani, nikampa darubini bora kuliko ile ya afande. Natafuta kosa, hata dogo, ambalo lingeniruhusu niseme kwamba walitazama vibaya, kwamba mwezi uliweza kuonekana, na kwamba baba alikuwa na haki ya kunyoosha mkono na kutwaa kipande kimoja. Kila mara jibu linatoka lilelile: mwezi ulikuwa chini mno, mwembamba mno. Nafunga kitabu cha hesabu zangu, na siku chache zikipita nakifungua tena.