Vifungo vya Sweta la Kaka

Mama aliniachia mimi uamuzi: kaka abaki kwenye kituo cha matunzo Njombe au arudi nyumbani Makambako. Kaka ana miaka thelathini na mbili, ana ulemavu wa akili. Mimi ni mdogo wake na sijasomea kutunza watu. Ninayoyajua niliyasoma kwenye simu, nikayapanga kwenye daftari kwa rula: mashuka, kucha, mlo, mavazi. Nakiri nilipenda ile rula kuliko maneno yenyewe.

Jumamosi hiyo mhudumu, mama wa makamo, alinipokea getini.

"Mkaguzi wetu kafika. Kamwene."

"Kamwene, mama," nikaitikia salamu yake ya Kibena.

Kaka alikuwa barazani na mwenzake anayeishi naye kituoni, sweta limefungwa vifungo vyote saba hadi shingoni. Nilifurahi. Nyumbani alikuwa akijifunga mwenyewe, robo saa nzima, na lazima aruke tundu moja, upande mmoja uning'inie. Nikaandika: mavazi, vizuri sana.

Jua lilipopanda alifungua sweta. Kisha ukungu ukarudi, upepo nao.

"Kaka, funga sweta."

Akainua kidevu, mikono magotini, akatulia. Ilinichukua muda kuelewa kwamba anasubiri kufungwa.

"Hawezi tena?" nikamuuliza mhudumu.

"Anaweza. Ila anakosea, na wewe hutaki akosee."

"Mimi?"

"Dada, ulisimama hapohapo mwezi wa nne ukasema kaka yako kavalishwa kama gunia la viazi. Tangu siku hiyo namfunga mimi."

"Bwana harusi huyo," yule mwenzake kaka akadakia. "Havai, anavikwa."

Kaka akacheka kwa sauti. Mimi nilitaka kuudhika, nikakosa wa kumuudhikia. Nilikuwa nimelalamika kwa sababu nampenda. Au niliona aibu tu, wageni wengine walikuwepo siku ile. Nimejiuliza mara nyingi na kila mara jibu linabadilika.

Nikaomba aachwe ajifunge.

"Sawa," akasema mhudumu. "Lakini wako kumi na mmoja, na asubuhi tuko wawili. Akichukua robo saa, uji wa wenzake unapoa. Wewe unayesoma, niambie: nimfunge au nimwache?"

Nilifungua daftari kama vile jibu lilikuwa humo. Halikuwemo. Hao wengine kumi sikuwahi kuwaandikia hata mstari.

"Mwache leo," nikasema. "Leo hakuna haraka."

Kaka alianzia chini. Kifungo cha kwanza kikaingia. Cha pili akakipeleka tundu la tatu. Mkono wangu ukanyanyuka wenyewe, nikaurudisha, nikaukalia. Kila alipomaliza kimoja alisimama kidogo, akanitazama usoni aone kama nimekasirika. Nilijitahidi kutabasamu, ila sijui aliona nini.

Alipofika cha nne simu ikaita. Mama.

"Mwanangu, umeonaje? Anabaki au anarudi?"

"Bado sijui, mama."

"Kwani wanamtunza vibaya?"

"Hapana. Sijui. Wanamtunza nilivyowaambia."

"Basi si umrudishe tu, umtunze mwenyewe?"

Kaka alikuwa amekwama, kifungo kati ya vidole, ananiangalia. Nikamwambia mama nitampigia, nikakata. Nikageuka nikatazama bustani ya kabichi, ili afunge bila kuuona uso wangu.