Sifuri Niliyompa Mwalimu Mmoja

Alhamdulillahi, uzeeni nimepata kazi ya kujitolea mtandaoni, kwenye tovuti ya misemo. Tunapendekeza misemo, tunaipa alama sifuri hadi nne, na unaoshinda huwekwa ukurasa wa mbele kesho yake. Mimi nafundisha hadithi za Mtume hapa Kansanga, Kampala, kwa hiyo wenzangu huniheshimu.

Juzi Bi Zaina wa Ggaba alileta huu: "Ndoa ni sala ndefu, usitazame saa." Msemaji: mwalimu mmoja wa Kampala.

Nikatoa sifuri, nikaandika mbele ya wote: "Huyu hajui sala wala ndoa. Tena nani alimsikia? Neno lisilo na mashahidi silipokei."

Akajibu: "Shehe, ni wewe, kwenye harusi ya binti yangu. Mashahidi ni mimi, bwana harusi, na mkeo, ambaye nimeshampigia simu."