Plagi Zenye Rangi ya Kucha

Kwetu Rhotia mwanamke hapeleki sufuria msibani bila kuitia alama. Sufuria za mtaa mzima hukutana jikoni, na asiye na alama hurudi nyumbani na ya mwenzake iliyotoboka. Alama yangu ni rangi ya kucha nyekundu. Nimepaka sufuria, ndoo na majembe, na mwaka jana, kwa mazoea tu, nikapaka plagi nne za gari.

Plagi zenyewe nilizifuata Arusha. Nafundisha Olbalbal, na ili nifike nyumbani lazima gari langu lipande mpaka ukingo wa kreta, lile bonde la volkano, ndipo literemke kuelekea Karatu. Lilikuwa limeanza kukosa nguvu mlimani. Nikasoma kitabu chake, nikanunua aina ile ile iliyoandikwa, za madini ya iridiamu zenye ncha nyembamba.

Fundi wangu wa Karatu, ambaye pia ni jirani na tunaimba naye kwaya, alicheka.

"Mwalimu unajitesa bure. Plagi ni plagi." Kisha akaishika moja, akaigeuzageuza. "Ila hizi kali kweli. Niachie, nenda sokoni, ukirudi utakuta tayari."

Nikaenda. Niliporudi sikuomba hata kuonyeshwa za zamani, maana mtu mnayeimba naye kanisani unaanzaje kumkagua? Gari lilinifikisha Olbalbal likikohoa kidogo, nikajidanganya kwamba limepona.

Haukupita muda, bibi aliyenilea akafariki. Nilitaka kitu kimoja tu: kumtupia udongo kwa mkono wangu. Niliondoka Olbalbal alfajiri. Katikati ya mlima gari likaanza kumisi, mlio unakatikakatika, taa ya injini ikawa inawaka na kuzimika, nakanyaga mafuta linatetemeka tu. Likazima kabisa. Ukungu umetanda, simu haina mtandao.

Nilikaa pale mpaka dereva mmoja wa watalii aliponihurumia. Akachomoa koili inayoipa plagi moto, akafungua plagi ya kwanza. Ilikuwa nyeusi, ncha imelika, kauri imepasuka.

"Dada, hii imechoka siku nyingi. Mtu ameipiga brashi tu akairudisha."

Nikamwomba afungue zote. Hakuna hata moja iliyokuwa na rangi yangu. Nilitukana matusi ambayo mwalimu hapaswi kuyajua, na watalii wake nadhani walifikiri nasali.

Wakanipa kiti hadi Rhotia. Nikakuta kaburi limeshafukiwa. Padri alikuwa na maziko mengine na mvua ilikuwa inakaribia, wasingeweza kungoja zaidi. Fundi wangu alikuwa amesimama pale na koleo, viatu vimejaa udongo. Ndiye aliyewaleta wanakwaya, kwa gari lake la aina moja na langu.

"Pole sana mwalimu. Ulikwama wapi?"

Jioni aliwasha gari kuwarudisha wanakwaya. Injini ikanguruma laini, haikohoi. Nilijua pale pale. Mtu huyu alikuja kumzika bibi yangu kwa plagi zangu. Msibani hapapiganwi, na nilitaka kumpata siku yenye watu.

Siku ya mnada, gari langu likiwa limeshavutwa hadi Rhotia, nikaenda gerejini kwake na spana yangu mpya. Wateja walikuwa wamejaa.

"Fungua boneti ya gari yako."

"Kwani kuna nini, mwalimu?"

"Fungua."

Akafungua huku akicheka. Injini ilikuwa ya moto, na plagi hazifunguliwi kwenye injini ya moto, nyuzi za matundu zinazozishika hukatika. Nikavuta kigoda nikakaa. Watu wakauliza nangoja nini. Nikawaambia nangoja ipoe ili waone mali ya nani imo humo ndani. Kicheko kikamkauka. Kungoja kule nilikufurahia, sitadanganya.

Ilipopoa nikaanza kazi. Rangi ilikuwa imeungua ikawa kahawia, lakini ilikuwepo, kwenye plagi zote nne. Nikazipitisha kwa wateja wazitazame. Fundi mwenye akili hupuliza kwanza vumbi lisidumbukie kwenye silinda likaila injini, kisha huziba matundu. Mimi sikupuliza wala sikuziba. Upepo ulikuwa unarusha lile vumbi letu jekundu, nikauacha ufanye utakavyo.

"Nisamehe dada," akasema kwa sauti ya chini. "Nilijua za zamani zitakuvusha. Niambie unataka nini, nitafanya."

"Kamfukue bibi nimtupie udongo, halafu umfukie tena."

Wateja wawili wakachukua funguo zao wakaondoka. Mama mmoja akanishika bega akasema inatosha mwanangu. Haikutosha.

Nyumbani nikazifunga plagi kwenye gari langu mwenyewe. Nilipokuwa narudi kazini lilipanda mlima ule, safari hii kwa upande wa Karatu, bila kukohoa hata mara moja, na njia nzima nililia kwa hasira, kwa sababu hivyo ndivyo lilivyotakiwa kupanda siku ile.