Ndala za Kashindye

Nilipokuwa mtoto, waliolala vibaya pale mtaani kwetu walikuja kwangu kabla sijanywa chai. Nilizaliwa kwa kutanguliza miguu, na kwetu Unyamwezini mtoto wa namna hiyo huitwa Kashindye. Mguu wake hutibu shingo na mgongo. Mtu akiamka kichwa kimeelekea upande mmoja, alijilaza kifudifudi kwenye mkeka wetu, nami nikamkanyaga taratibu huku nikipiga miayo.

"Kashindye, usinivunje," fundi baiskeli aliniambia kila alipokuja. "Bado sijaoa."

Asubuhi moja niliamka shingo yangu mwenyewe imekaza. Nililia. Mama alinipa pole, majirani wakanipa pole, lakini hakuna aliyenigusa, maana Kashindye hawezi kujikanyaga, na mwingine hatukumjua. Niliamini nitaishi nikitazama bega langu mpaka uzee. Mchana bibi alichoshwa na kilio. Akamvalisha mdogo wangu Neema ndala zangu.

"Ndala zake ni mguu wake," alisema. "Haya, panda."

"Nimkanyage kwa nguvu?" Neema aliuliza, kwa furaha iliyopita kiasi.

Bibi alimshika kwapani ili asinielemee. Jioni niligeuza kichwa.

Sasa naishi ughaibuni, mji wa Fridley, na nalala kwenye kochi, kwa sababu chumba ni kimoja na nimempa binti yangu. Juzi niliamka siwezi kugeuka. Theluji ilikuwa imeanguka, na ilinibidi nitoe gari kinyumenyume kwenye maegesho niwahi zamu kiwandani. Nikichelewa tena, kazi sina. Nikajilaza kifudifudi kwenye zulia.

"Vaa ndala zangu, unikanyage hapa shingoni," nilimwambia binti yangu.

Alinijibu kwa Kiingereza kwamba ataniumiza, kwamba watu hawafanyi hivyo, ninywe dawa. Kisha akasema, kwa Kiswahili, "Mama, basi limefika." Mlango ukafungwa. Simlaumu. Yeye alizaliwa kwa upasuaji, hakutanguliza chochote.

Nilibaki pale chini. Nikanyoosha mkono, nikavuta ndala moja, nikajiwekea shingoni. Ilikuwa ya baridi, na nyepesi. Nikasubiri kidogo, kama mjinga.

Miaka yote niliamini kwamba siku ile niliponywa na mguu wangu mwenyewe. Pale kwenye zulia nilikumbuka uzito wa Neema, na mikono ya bibi iliyokuwa ikiupunguza. Neema yuko Tabora na watoto wake. Bibi tulishamzika. Ndala ikiwa haina mtu ndani yake haikanyagi.

Niliinuka. Gari nililirudisha nyuma kwa kugeuza mwili mzima, kama niliyefungwa ubao mgongoni, na kazini nikafika kwa wakati. Shingo ililegea baada ya siku kadhaa, polepole, yenyewe, bila mtu.